Sahani ya Mzee Norris

Mama mkwe wangu alitaka kurudi kwao na mimi sikutaka arudi. Ugomvi wetu wote wa majira yale ya baridi ulitoka hapo, hata tulipojifanya tunagombania hita.

Kwao ni Carriacou, kisiwa kidogo cha Karibea kilicho chini ya serikali ya Grenada. Hapa St Marys, magharibi mwa Sydney, hakuna anayekijua. Mimi mwenyewe, kabla Denzil hajanioa, nilidhani Karibea yote ni Jamaika na muziki. Mama Ianthe alinirekebisha siku ya kwanza tulipoongea, tena kwa ukali. Kisiwa chao hakina mto hata mmoja, akaniambia. Maji ni ya mvua, unayakinga kwenye tangi na ukioga ovyo unagombezwa. Njiani kwenda Grenada, chini ya bahari, kuna volkeno hai na vyombo huambiwa vipite mbali nayo. Aliizungumzia hiyo volkeno utadhani ni jirani mkorofi anayekunywa pombe mwisho wa mwezi. Na wenyeji, waliochukuliwa Afrika kwa minyororo wakalimishwa pamba, hawajasahau mataifa yao. Mpaka leo mtu wa Carriacou anaweza kukwambia yeye ni Mkromanti, au Mwigbo, au Mkongo, kwa kufuata ukoo wa baba. Ngoma Kubwa inapopigwa, kila taifa lina wimbo wake, na watu wa taifa hilo ndio wanaoingia uwanjani kucheza.

"Na wewe taifa lako?" aliniuliza.

"Mmeru, Mama. Wa Maua, Kenya."

Alifikiri kidogo. "Huo wimbo hatuna," akasema, akanisikitikia kwa dhati.

Alikuja kwetu baada ya kimbunga Beryl, kile cha Julai 2024, kilichopiga kisiwa chao asubuhi moja na kung'oa mapaa karibu yote. Lake lilikwenda na milango na madirisha. Alijificha kwenye tangi la maji lililokuwa tupu, mwanamke wa umri wake, na alipotoka hakuona jani la kijani popote, milima yote imekuwa ya kahawia. Denzil, anayeendesha gari la kunyanyulia mizigo kwenye ghala huko Wetherill Park, akaomba likizo bila malipo, akaenda kumchukua. Mama alishuka uwanja wa ndege wa Sydney na mfuko mmoja. Aliniita mwanangu kabla hata hajavua koti.

Hapo ndipo aliponishika. Mama yangu mzazi alifariki mwaka 2021, wakati Australia imefunga mipaka na mtu hatoki wala haingii. Nilimzika kwa simu. Kila mtandao ulipokatika Maua mimi nilibaki nikitazama uso wangu mwenyewe kwenye kioo, macho mekundu, na uliporudi watu walikuwa wameshaanza kurudishia udongo. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba nilimng'ang'ania mama wa mwenzangu, namjibu ndiyo, nilimng'ang'ania, na ningefanya tena.

Lakini mama huyo alikuwa na mume, na mume alikuwa ndani ya ardhi ya Tibeau, kijijini kwao, bila jiwe.

Kwao jiwe la kaburi halisimamishwi siku ya mazishi. Familia inangoja, mwaka, miaka, mpaka iwe na nguvu ya kufanya karamu ya jiwe. Hapo ndipo marehemu anapopumzishwa rasmi, ndipo walio hai wanaacha kumwota. Mzee Norris, mumewe, alikuwa bado anangoja. Na makaburi ya Tibeau yako ufukweni kabisa, bahari inayala. Kuna mawe yameshaangukia majini, na baada ya Beryl hali ikawa mbaya zaidi. Mpwa wake Mama Ianthe alituma picha. Norris alikuwa safu ya pili kutoka majini, na ile safu ya kwanza haikuwepo tena.

"Nikakae naye," Mama alisema. "Nimsimamishie jiwe lake, kisha bahari ifanye inavyotaka."

"Nyumba haina paa, Mama," Denzil akajibu. "Na moyo wako? Daktari amesema nini? Ukipata shida usiku nani atakupeleka hospitali, kwa mashua?"

Walibishana hivyo wiki baada ya wiki, mbele ya chakula, mpaka binti yetu Abigail akawa anabeba sahani yake akalie sebuleni. Mimi nilikaa upande wa Denzil. Nilitumia maneno ya daktari kama fimbo.

Mwishowe Denzil alipata wazo. Karamu ya jiwe tuifanye hapa hapa. Akamwagiza fundi achonge jiwe la rangi ya kijivu lenye jina la baba yake, likaletwa, tukaliegemeza ukutani chini ya mlimau nyuma ya nyumba. Mama akalifunika shuka jeupe. Alilizunguka siku mbili tatu, halafu akatupa masharti yake.

"Tutamwandalia sahani, tumuulize mwenyewe. Akikubali kupumzikia hapa, nakaa na nyinyi mpaka mnizike. Akikataa, nakwenda, na asiwepo wa kunizuia. Wewe Denzil, apa."

Denzil akaapa. Mimi pia niliapa.

Sahani ya wazee ni hivi. Jioni unatandika meza kwa kitambaa cheupe, unaweka vyakula alivyovipenda marehemu, kinywaji chake na mshumaa, unafunga mlango. Hakuna anayeingia mpaka alfajiri. Wafu wanakuja wanakula, na aliyewaandalia anaota wanachotaka kusema. Asubuhi yeye ndiye anayeonja kwanza. Sharti kubwa ni moja: chakula kisitiwe chumvi hata chembe.

Nilimuuliza kwa nini. Alikuwa anachambua mbaazi, hakuinua kichwa.

"Wale wa kwanza walioletwa, wengine waliruka wakarudi Afrika. Kwa mikono yao hivi, juu ya bahari. Waliokula chumvi ya wazungu wakawa wazito, wakashindwa kupaa. Ukimpa mfu chumvi umemfunga njiani. Haendi mbele, harudi nyuma."

Sasa nitaje na aibu yetu. Sisi ni watu wa kanisa. Ushirika wetu unakutana kila Jumapili, Wakenya na Wakongomani pamoja, na huko ukisikika umewapikia wafu utaombewa mpaka sauti za watu zikauke. Mimi nilikuwa tayari kunyamaza na kumwachia Mungu apambanue. Denzil ndiye aliyehangaika zaidi. Amekulia Sydney tangu ana miaka kumi, alipoletwa kwa ndugu zao, na mambo ya kwao anayapenda mradi majirani wasiyaone. Hata ngoma aliazima ile ya kwaya, akasema ni ya sherehe ya familia.

Taabu ilianza pale Mama aliposikia kwamba Généreuse anatoka Kongo.

Généreuse ni jirani yetu, anafanya kazi ya kutunza wazee, mpishi hodari, mcheshi. Anatoka Bukavu. Alikuja kuazima kikaango, nikamtambulisha, na Mama Ianthe akasimama kutoka kwenye kiti kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Norris alikuwa wa taifa la Kongo. Kizazi kwa kizazi walikuwa wakicheza Kongo, wakiimba Kongo, wala hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona Mkongo aliyetoka huko moja kwa moja. Akamshika Généreuse mikono yote miwili, akaigeuza, akaitazama viganja.

"Huyu ndiye atakayepika," akasema. "Norris ataijua mikono ya nyumbani."

Nilijaribu kueleza. Nilimwambia Wakongo waliopakiwa melini walitoka upande wa bahari ya magharibi, na Bukavu iko huku mashariki, karibu na kwetu kuliko na kwao, nchi ni kubwa mno hiyo. Généreuse ni Mshi kwa kabila, na lugha ya Kikongo haijui hata kidogo.

"Kongo ni Kongo," Mama akasema. Nikaona machozi yanamlengalenga, nikafunga mdomo. Généreuse naye alicheka, akakubali, kwa sababu hajui kumkatalia mzee.

Siku yenyewe Mama alipika ule ugali wao wa kuvingirisha mabonge, akamwachia Généreuse mbuzi na mbaazi. Mimi nilikuwa nimekwenda Queen Street, kwenye maduka, kutafuta kitambaa cheupe. Niliporudi kazi imekwisha, sufuria zimefunikwa, na Généreuse amekwenda zamu.

Alasiri tukatoka nyuma. Mama alinyunyiza maji, kisha ramu, akatupigisha magoti kwenye nyasi baridi, tukaimba wimbo wa kuomba msamaha kwa wazee, kwa makosa tunayoyajua na tusiyoyajua. Halafu Denzil akapiga ngoma ya kwaya. Alipiga vibaya, akitazama ua wa jirani kila baada ya muda. Mama aliuimba wimbo wa Kromanti, wa ukoo wa baba yake, akaucheza polepole, sketi ameishika pembe. Aliuimba na wa Kongo, lakini huo hakuucheza; alimwachia Denzil na Abigail, walio damu ya Norris. Mtoto alicheza. Denzil alisogeza miguu tu kama mtu anayekanyaga sigara. Mimi nilisimama kando, maana Wameru hatukuitwa, na nilisali kwa Kimeru kimoyomoyo Mzee Norris akubali abaki hapa. Sijui niliyekuwa namsalia ni Mungu au ni Norris.

Jioni tukaandaa meza, mlango ukafungwa.

Alfajiri Généreuse akagonga dirisha la jikoni. Alikuwa ametoka zamu, bado na sare, amefuata sufuria yake kubwa. Nilimfungulia kimya kimya.

"Mama Abigail, wageni walikula muzuri?" akanong'ona.

"Wageni gani?"

"Si papa Abigail aliniambia kuko wageni wanakuja usiku? Alisema chakula isitiwe chumvi, juu ya tension ya mama. Lakini miye nikawaza, tension ni ya mama peke yake. Wageni watakula je nyama ya hivyo? Haya ni kabisa. Nikatia chumvi kidogo, mu nyama na mu mbaazi. Ile ugali sikuigusa." Alinitazama. "Iko matatizo?"

Ningemlaumu nini? Mume wangu alikuwa ameona haya kumwambia kwamba mgeni ni baba yake aliyekufa, akasingizia presha, na mwanamke mwenye moyo mwema akafanya ambalo mpishi yeyote wa kwetu angelifanya.

"Hakuna matatizo," nikasema. "Nenda ukalale. Sufuria nitakuletea."

Alipoondoka nikamsikia Mama anafungua mlango wa chumba cha meza.

Nilikwenda nikasimama kizingitini. Alikuwa na sweta la Denzil na soksi mbili mbili. Alichukua kijiko, akamega bonge la ugali, akala, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akachukua kipande cha nyama. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akachota mbaazi, kidogo sana, akaziweka ulimini, akafumba macho. Kijiko akakirudisha mezani taratibu, akakilaza sambamba na sahani.

Halafu akageuka akaniona. Tulitazamana. Nadhani uso wangu ulisema kila kitu nilichokuwa nacho ndani, maana sikuwahi kujua kuuficha.

"Amekuja," akasema. "Amekula vizuri. Amesema nikae."

Denzil alikuwa nyuma yangu. Alipiga kelele, akamnyanyua mama yake, akamzungusha, akamwamsha mtoto. Akasema anampigia fundi aje kulisimika jiwe vizuri kwa saruji leo leo. Alikuwa na furaha ambayo sikuiona tangu Beryl. Mama alicheka naye, akampapasa mgongo, na juu ya bega lake macho yake yalikuwa makavu, yametulia mahali pengine kabisa.

Na mimi? Nilifurahi. Nilienda bafuni nikafungua maji nikafurahi kwa nguvu zangu zote, kwamba anakaa, kwamba nitakuwa na mama jikoni kila asubuhi akinigombeza kwa kuoga sana. Nilijiambia labda hakuihisi, ulimi wa mtu mzima unachoka. Nilijiambia labda kweli ameota. Nikanawa uso, na kila nilipoinama niliona kile kijiko kikilazwa. Anajua, nikajiambia. Anajua, na amemwacha mume wake katikati ya bahari kwa sababu ulisimama mlangoni na uso wa yatima.

Nilimkuta bado kwenye chumba cha meza, anakunja kitambaa.

"Mama," nikasema, "kulikuwa na chumvi."

Aliendelea kukunja. "Punguza sauti. Denzil yuko kwenye simu."

"Généreuse hakujua. Hakuambiwa ukweli."

"Najua hakujua. Mikono yake haina kosa."

"Na ndoto?"

"Ndoto sikuota. Nililala macho wazi nikisikiliza magari." Akakilaza kitambaa kifuani. "Kendi, mimi ni mzee. Norris hana haraka tena. Lakini wewe ulivyokuwa umesimama pale... Nani anaweza kukuambia anaondoka, ukiwa umesimama hivyo?"

"Uliniambia mwenyewe chumvi inamfunga."

"Nilikuambia."

"Basi amefungwa, na wewe utakaa hapa unakunywa chai na sisi ukijua amefungwa? Miaka yote iliyobaki?" Sauti ilianza kunipanda, hasira ikaja, na nilikuwa nimemkasirikia yeye, na Denzil, na bahari ile ya mbali nisiyoijua. "Mimi mama yangu nilimwacha kwa sababu nilifungiwa. Wewe hakuna aliyekufungia mpaka, ni mimi tu. Sitaki, Mama. Nilitaka mama, sikutaka mateka."

Nikasikia Denzil nyuma ya nyumba akimweleza fundi kuhusu saruji.

"Unataka niende?" akauliza.

"Hapana! Sitaki uende. Nenda."

Alikaa kwenye kiti, ghafla akaonekana amechoka na mdogo. "Nikienda sitarudi. Unajua hilo. Moyo huu hauna safari mbili. Na pale Tibeau, ninapotaka kulala, bahari itafika."

"Najua."

"Na Denzil atakulaumu."

"Atanilaumu mimi na ataapa upya kwamba hatakuzuia. Nitamwambia yote mimi mwenyewe, na la presha nitamwambia vilevile."

Kisha akavuta kiti cha pili, akakipiga kwa kiganja.

"Basi nakwenda, nikamwandalie Norris upya huko huko. Kaa. Leta ile sufuria. Denzil hajui kupika na Abigail bado mdogo, kwa hiyo mimi nikifa ni wewe utakayenipikia sahani yangu, bila chumvi, na sitaki kubahatisha." Nilianza kulia, kilio kibaya cha sauti, na yeye akanishika kidole kimoja kama anavyomshika mtoto. "Utalia baadaye, mwanangu. Sasa nisikilize. Tunaanza na unga."